Jicho la Kushoto la Mtoto

Kwa karibu mwaka mzima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za shule ya jioni, kwamba serikali ya Uingereza huwachungulia wageni kupitia jicho la kushoto la Mtoto Yesu.

Si Mtoto Yesu yeyote. Ni yule wa kwenye picha moja ya Familia Takatifu, katika jumba kubwa la picha katikati ya London, lile ambalo kuingia ni bure. Na hilo la bure ndilo lililonimaliza. Aliyeniletea habari hizo ni jamaa mmoja wa Tanga tuliyepanga naye nyumba moja Kilburn, yeye chumba cha juu, mimi na mke wangu na binti yetu chumba cha kati. Alikuwa amesimama jikoni anasubiri birika lichemke.

"Kaka, nikuulize. Mfuko wa plastiki dukani unalipia?"

"Nalipia."

"Hewa ya kujaza tairi pale kituo cha mafuta?"

"Nalipia."

"Haya. Watu wanaokuuzia hewa, wakufungulie jumba lenye picha za mabilioni, uingie na viatu vyako, uzunguke utakavyo, utoke, bure. Wao wanapata nini?"

Nilifikiri mpaka birika likachemka. 

"Wanakupata wewe," akasema, akamimina maji.

Akanieleza mambo yote. Kwamba katika jumba lile kuna chumba, na katika chumba kuna picha ya Familia, na nyuma ya ile picha wamekaa maofisa wanaoshughulikia vibali vya watu waliooana. Kazi yao ni kutazama nani anakuja na mke wake, wanakaaje, wanaongeaje, kama ni ndoa kweli au ni ndoa ya makaratasi. Binamu yake alikwenda na mkewe Jumapili kadhaa, wakakaa wametulia, kibali kikatoka. Mwingine alidharau, hakwenda, na hivi sasa yuko Muheza analima machungwa.

"Na kwa nini jicho la kushoto?" nikauliza, maana mimi ni msomi, napenda kuhoji.

"La kulia ni la Kanisa."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilicheka. Sikucheka. Nilimuuliza basi la kwenda huko ni namba ngapi.

Ili mtu asinione mjinga kuliko nilivyo, ni lazima nieleze hali yetu ilivyokuwa. Mimi nilikuwa na haki yangu ya kukaa nchi hii. Mke wangu alikuja kwa viza ya ndoa, na viza ile ilikuwa inaelekea ukingoni. Ombi la kuongezewa muda tulilipeleka mapema, lakini mshauri wetu, kijana mwenye tai nyembamba kama uzi, alisema kuna jambo moja linalomsumbua. Wanaoamua wanataka kuona kwamba mnaishi pamoja kama mume na mke. Leteni picha, akasema, za ninyi wote pamoja, za nyakati mbalimbali.

Tulikwenda nyumbani tukazichambua simu zetu. Za kwake zilikuwa na mimi na mtoto. Za kwangu zilikuwa na yeye na mtoto. Ya watu watatu pamoja ilikuwa moja tu, ya ubatizo, na ndani yake mimi nimefumba macho, na wala sikuwa nimepepesa. Nilikuwa nimelala nikiwa nimesimama.

Maana yake ni kwamba siku zote mmoja wetu alikuwa ameshika simu na mwenzake yuko kazini. Mimi nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Niliondoka kabla hapajapambazuka. Nimekunja mashuka ya kutosha kuifunika Tanzania nzima, na yanayobaki ukatandika Burundi. Mke wangu alikuwa mtunza wazee kule Harrow. Shifti yake ilianza alasiri, mpaka wazee wote wawe wameoshwa, wamelishwa na kulazwa. Nikirudi, yeye anatoka. Tulipokezana mtoto mlangoni, yeye tayari amevaa koti, na maagizo tuliyapeana kwa haraka: kala, hajala, anakohoa, dawa iko juu ya friji. Usiku akirudi ananikuta nimekufa. Alfajiri nikiamka namwacha yeye amekufa. Kitandani tulirithishana joto tu. Kuna wakati nilimfahamu mke wangu zaidi kwa sufuria: ikifunikwa kwa sahani alikuwa na haraka, ikifunikwa kwa kitambaa safi alikuwa amefurahi.

Sasa watu kama hao utawapigia picha ya pamoja saa ngapi? Na kama kibali kisingetoka, yeye angerudi Songea. Mtoto angekwenda naye au angebaki nami, na katika hayo mawili hakuna hata moja nililoweza kulifikiria mpaka mwisho. Nilikuwa nikilianza kwenye basi, nafika katikati, nageukia dirishani.

Kwa hiyo mtu aliponiambia kuna mahali unakaa tu, bila mshauri wala tai yake, ukaonekana kuwa umeoa, nilipokea kama mgonjwa anavyopokea maji.

Tena nilipata uthibitisho wa kitaalamu. Miaka hiyo nilikuwa nasoma jioni, siku ambazo mke wangu alikuwa na mapumziko na kuweza kubaki na mtoto. Cheti changu cha Kiingereza nilikuwa nimekwisha kukipata, nimekitundika ukutani juu ya kitanda, kikubwa kuliko dirisha. Nikajiandikisha katika darasa la historia ya sanaa. Sitadanganya: darasa lile lilikuwa na nafasi, na lilikuwa na joto. Mwalimu alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyependa skafu, na ndiye aliyenifundisha neno Rokoko. Alituambia kwamba kabla ya hapo wachoraji wa Ulaya walikuwa wanachora dini kwa radi na giza, watakatifu wanachunwa ngozi, mbingu imechafuka. Kisha watu wakachoka. Wakataka rangi ya waridi, rangi ya maziwa, malaika wanono, na Familia Takatifu iwe nyumbani, imetulia, kama watu waliokwisha kula mchana. Hiyo ndiyo Rokoko. Nililipenda neno lile kupita kiasi. Kwa mwezi mzima kila kitu kizuri kilikuwa Rokoko. Hata ugali wa mke wangu niliuita Rokoko, akaniuliza kama ni tusi.

Sasa siku moja mwalimu akasema picha iliyochorwa vizuri macho yake yanakufuata popote utakaposimama.

Nikanyoosha mkono. "Yanafuata watu wote, mwalimu, au waliooana tu?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema ni swali zuri sana, kwamba tujiulize kila picha ilichorwa ili itazamwe na nani. Nilitoka pale nimenyooka kama mlingoti.

Jumapili ya kwanza tulisali misa ya asubuhi, kisha tukajiandaa. Nilivaa suti ya harusi. Mke wangu alikuwa amerudi usiku uliopita akiwa hoi, lakini alivaa kitenge na koti juu yake, akamsuka mtoto nywele akiwa amefumba jicho moja. Jamaa wa Tanga alitusimamisha kwenye ngazi ili kutupa maelekezo ya mwisho.

"Shemeji, usicheke sana. Wanaocheka sana wanatiliwa shaka. Kaeni kama watu waliogombana juzi wakapatana jana."

"Na tukigombana leo je?" mke wangu akauliza.

"Leo ni Jumapili. Wataelewa."

Picha yenyewe haikuwa kubwa kama nilivyotarajia. Nilitarajia kitu cha ukubwa wa lori. Ilikuwa ya kutosha mlango wa kabati, fremu yake ya dhahabu imejaa makombe ya baharini na majani kana kwamba imefura na kuumuka kama andazi. Bikira Maria amekaa kwenye kiti cha chini, gauni la waridi, shali ya buluu imemteleza begani. Pembeni yake kikapu cha kushonea, na mkasi umening'inia karibu kuanguka. Mtoto yuko mapajani, uchi kabisa, mnono, mguu mmoja hewani, mkono mmoja kashika kidole cha Yosefu. Yosefu mwenyewe kakaa nyuma kidogo, joho la rangi ya haradali, kashika tama. Chini ya miguu yake maranda ya mbao yamejikunja kama nywele. Juu, kwenye wingu, vichwa vya malaika watatu, vichwa tu, vinachungulia kama majirani.

Maria anamtazama mtoto. Yosefu anamtazama mtoto, ingawa kope zinamshinda. Mtoto peke yake ndiye anayetazama nje. Anakutazama wewe.

 Nikamsalimu kwa kichwa, kidogo tu, kwa heshima.

Mbele ya picha palikuwa na benchi refu la ngozi nyeusi, laini, bila mgongo. Tukakaa. Nikaushika mkono wa mke wangu kama mtu anavyoshika pasipoti mbele ya dirisha la uhamiaji. Yeye aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Yosefu kachoka," akasema.

"Usimwangalie Yosefu. Mwangalie mtoto."

"Huyu baba katoka kazini sasa hivi. Hata mikono hajanawa."

"Mama, jicho la kushoto."

Akageuka akalitazama jicho la kushoto. Kisha akanitazama mimi, suti, tai, jasho la kipaji cha uso. 

Binti yetu, aliyekuwa na miaka sita wakati ule na anayekisikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza tu, aliuliza kwa Kiingereza chake kwa nini mtoto yule hana chupi na kwa nini hakuna anayejali. Kisha akataka chooni. Nilimpeleka mimi. Ngazi za kushuka na kupanda pale zingetosha kukufikisha Kibo. Tuliporudi nilimkuta mke wangu amesimama karibu na kiti cha kona, alipokaa mama mlinzi wa chumba kile, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia. Akarudi kukaa.

"Ulikuwa unamwuliza nini?"

"Saa ya kufunga," akasema. Akatoa visigino kwenye viatu, akanyoosha miguu. "Bado tuna muda."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Jumapili baada ya misa, basi mpaka mjini, ngazi, chumba kile, benchi lile. Mvua haikutuzuia wala migomo ya treni. Nilikuwa na woga mmoja mkubwa: usingizi. Jamaa wa Tanga alikuwa amesema mtu akisinzia wanaandika kwamba hana mapenzi. Kwa hiyo nilikaa nimekodoa macho kama bundi, najifinya paja, nahesabu malaika. Joto la chumba kile lilikuwa la kufisha. Mtu aliyekunja mashuka wiki nzima, umpe kiti laini na kimya, halafu umwambie asilale? Ni kama kumweka mbwa buchani umwambie afunge kwaresima.

Mke wangu hakujisumbua. Jumapili ya pili au ya tatu, nikiwa katikati ya tabasamu langu rasmi, nilisikia kichwa chake kikinitua begani. Kizito. Alikuwa amezama kabisa.

Nikamgusa kwa kiwiko. "Mama. Mama, amka. Anaona."

"Aone," akasema bila kufumbua macho. "Ndiyo ndoa yenyewe hii."

Sikuthubutu kusogea tena. Bega likafa ganzi, mkono ukafuata. Nilimtazama Yosefu aliyeshika tama, nikamwambia kimoyomoyo, ndugu, wewe angalau umepata mahali pa kuegemea.

Lakini mtu hawezi kutazama jicho moja wiki baada ya wiki. Unaanza kutangatanga. Mimi ni mtu wa mashuka, kwa hiyo niliishia kwenye nguo. Chini ya yule mtoto palikuwa na kitambaa cheupe, na nilipokizoea niliona kwamba hakikupigwa pasi. Kimefuliwa mara nyingi, kimeanikwa, kikachukuliwa hivyohivyo. Rangi yake haikuwa nyeupe ya dukani, ilikuwa nyeupe ya kuchoka, ile tunayoitenga sisi kiwandani kwa ajili ya kukatwa matambara. Nikamwambia mke wangu.

"Kwa hiyo mnakata matambara?" akauliza. "Mashuka ya hospitali?"

Nikashangaa. Alikuwa hajui. Miaka yote ile hakuwa anajua ninafanya nini hasa, isipokuwa kwamba narudi nanuka sabuni. Nikamweleza habari za mashine ya kupigia pasi, ndefu kama Mto Ruvuma, inayomeza shuka upande huu na kulitema upande ule, na mtu akichelewesha mikono inamla. Haijamla mtu, lakini niliisimulia kama imekula kijiji.

Naye akanieleza habari za bibi mmoja anayemtunza Harrow, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye amesahau Kiingereza chote lakini Kiswahili hajasahau hata neno. Kila jioni anaonja chai na kumtazama mke wangu kwa huzuni. "Binti," anasema, "hii umepika, ama umesuuza kikombe?" Na akilazwa hataki taa izimwe mpaka aambiwe kesho kuna nini. Mke wangu humwambia kesho kuna sherehe. Kila siku kesho kuna sherehe.

"Na kesho yake akiuliza sherehe iko wapi?"

"Namwambia uliondoka mapema."

Nilicheka kwa sauti, mpaka mama mlinzi akainua macho. Nikakumbuka tunatazamwa, nikarekebisha tai.

Kibali kilikawia. Mshauri wa tai nyembamba alisema tusubiri. Mke wangu alikonda. Kila bahasha ya kahawia iliyotua mlangoni ilimtoa jasho, na nyingi zilikuwa za mpangaji aliyehama zamani. Usiku wa mapumziko yake alianza kumfundisha binti yetu maneno ya Kiswahili ambayo angeyahitaji Songea, akidai ni mchezo. Niliwasikia nikiwa nimelala nusu: sema maji, sema naomba, sema nyumbani. Mtoto alijibu yote kwa Kiingereza. Niligeukia ukutani.

Halafu kiwandani wakatangaza shifti za Jumapili, malipo yakiwa mazuri. Na mimi, kwa hesabu zangu za kisomi, nikaona hakuna tatizo. Nilimwambia palepale kwenye benchi.

"Wiki ijayo mtakuja wewe na mtoto. Mimi yule wa pichani keshanizoea. Uso wangu anao."

Aliinama akamfunga mtoto kamba ya kiatu. Nilidhani amekubali.

"Nije kuonyesha ndoa peke yangu," akasema.

"Ni mara moja moja tu."

"Peke yangu. Na mtoto. Nikae hapa, nishike mkono wa nani? Wa yule mama wa kitini?"

"Punguza sauti."

"Kwa nini nipunguze? Wiki nzima nalaza wazee wa watu. Nawaambia kesho kuna sherehe. Narudi nalala, nikiamka nakuta mto wenye joto la mtu ambaye hayupo. Meneja wangu ananipigia simu kila Jumamosi, njoo Jumapili, tunakulipa zaidi, na kila Jumamosi namwambia Jumapili nina ibada. Nina ibada, baba. Halafu wewe ndiye unaniambia uso wako anao."

"Anatazama," nikanong'ona. "Mama, tafadhali, anatazama."

Aliligeukia lile jicho la kushoto, kisha akanigeukia mimi, na mdomo ukaanza kumtetemeka. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, amejifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yanaruka, na binti yetu naye akacheka bila kujua sababu, na mimi katikati yao nimekauka kama mti, nikiwaza kwamba hapa ndipo Songea inapoanzia.

Ile shifti sikuichukua. Nilisema ni kwa sababu ya jicho.

Kibali kilitoka siku ya kazi, mchana; mshauri alimpigia mke wangu kulekule Harrow, maana siku hiyo alikuwa amepewa shifti ya asubuhi. Nilikuwa naisukumia mashine mashuka na simu ikatetemeka mfukoni. Kelele za pale ni za kumzika mtu hai, lakini nilimsikia.

"Wametupa," akasema. Basi. Kisha nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake sauti ya yule bibi wa Kisumu inauliza kwa Kiswahili nani amekufa.

Nilijifuta uso kwa foronya ya hospitali. Nililia machozi ambayo yangefua zamu nzima. Msimamizi akaniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, ni Rokoko.

Jioni jamaa wa Tanga alinisubiri jikoni, amekunja mikono. "Nilikuambia," akasema. "Jicho." Nilimnunulia kuku mzima. Na kwa wiki ile yote niliieneza habari ile kwa kila mtu mwenye ndoa na wasiwasi, kuanzia Kilburn hadi kwa kinyozi mmoja wa Southall, na nikaongeza ya kwangu, kwamba malaika wa kati huwa anapokea zamu pale mtoto anapochoka.

Jumapili ilipofika nilijua nitafanya nini. Nitalala. Tulikuwa tumemaliza kazi, tumeshinda, na mwili wangu ulikuwa unadai usingizi wa mwaka. Baada ya misa nikavua suti, nikajitupa kitandani. Nilipofumbua jicho, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kitenge, koti, mtoto amesukwa nywele.

"Hujavaa," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Si Jumapili?"

"Mama, kibali kimetoka. Kazi imekwisha."

Hakubishana. Alisimama tu pale akanisubiri, kwa uso ule wa mtu aliyesubiri mabasi mengi maishani. Nikavaa suruali. Suti niliiacha. Njiani nilijiambia kwamba ni adabu, mtu akisaidiwa huenda kushukuru.

Tulipanda ngazi zile, tukaingia chumba kile, na picha haikuwepo.

Palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta alama ya mstatili, rangi yake imekoza kidogo kuliko penginepo, na kibandiko kidogo kilichosema imepelekwa kusafishwa. Mama mlinzi alikuwa kwenye kiti chake cha kona. Alituona, akatikisa kichwa kwa namna ya kutuonea huruma, akarudi kwenye miwani yake.

Mimi nilielewa mara moja. Nilimshika mke wangu kiwiko nikamvuta pembeni.

"Umeona?" nikasema. "Wamemalizana nasi, wamemwondoa. Faili limefungwa. Sasa hivi yuko kwenye chumba kingine anatazama watu wengine. Twende nyumbani, mama. Hapa hakuna tena anayetuona."

Yeye alikuwa amekwisha kukaa. Alikaa katikati ya lile benchi, mbele ya ukuta mtupu, akatoa visigino kwenye viatu, akanyoosha miguu. Binti yetu alisimama akitutazama kwa zamu. Nami nilisimama, funguo mkononi.

"Sasa tumekuja kufanya nini?" nikauliza.

"Baba," akasema, taratibu, kama anavyowaeleza wale wazee wake mambo ya kesho. "Ile ni picha. Ni rangi juu ya kitambaa, na nyuma yake ni ukuta huuhuu unaouona. Nilimwuliza yule mama Jumapili ya kwanza kabisa, ulipompeleka mtoto chooni. Hakuna mtu aliyewahi kututazama hapa. Kaa, usogee kidogo, mtoto apate nafasi."